Nani Kafuta Mistari Yangu?

Hasira haijaniisha mpaka leo, na wa kuchapwa ni mimi mwenyewe. Jumapili asubuhi nilichora njia ya mashindano yetu ya magari kwenye malisho ya Morotonga, kona kwa kona, kwa mfuko wa chokaa niliouchukua stoo kwa baba bila kuuliza. Nikaenda kunywa chai. Narudi, mistari hakuna! Nikaendesha hivyo hivyo kwa kukumbuka, nikapotea kwenye njia yangu mwenyewe, nikapanda kichuguu watu wakicheka. Nikashuka nimewaka, nikamkunja shati mpinzani wangu.

"Marwa, umefuta mistari yangu!"

"Mimi? Si uone hizo alama za kwato!"

"Tangu lini ng'ombe akala chokaa?"

Baba akatokea na ng'ombe wake. "Chacha, chumvi ya mifugo yangu umeipeleka wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, ndama akaja kunilamba viganja.