Mashati Yaliyokunjwa Mara Mbili

Duka la udobi la Mzee Kola lilikuwa vyumba viwili na pazia katikati. Mbele palikaa meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi, na rafu za nguo zilizokwisha kukunjwa. Nyuma palikuwa na mabeseni, kamba za kuanikia, na dada yake mdogo, ambaye wateja walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Yeye alifua, kaka yake akapiga pasi na kukunja. Jina la Kola lilimpata mzee kwa sababu shati hakulianza popote isipokuwa kwenye kola.

"Kola ndiyo uso wa shati," alikuwa akisema. "Utamwoshaje mtu miguu ukamwacha na matongo?"

Kisha mikono nyuma, pindo juu, na shati likalala mezani limenyooka kama shahidi mbele ya hakimu.

Siku moja Shangazi alipita na ndoo akaona shati la mwalimu limekunjwa kifua ndani, mkono mmoja ukining'inia nje ya rafu. Mzee alikuwa ametoka kununua sabuni. Shangazi akaweka ndoo chini, akafuta mikono, akalikunja upya na kulirudisha. Nani asiyekosea? Hata mpishi huunguza.

Lakini baada ya hapo akaanza kuangalia, na anayeangalia huona. Suruali iliyokunjwa na soksi ndani. Gauni lililopigwa pasi mgongo tu. Basi akajizoesha: kila kilichowekwa rafuni alikipitisha nyuma ya pazia, akakikunja upya, akakirudisha.

"Unazipeleka wapi tena hizo?" mzee aliuliza mara moja.

"Nakagua vifungo, kaka."

"Kagua. Na mimi unikague, labda kuna kimoja kimelegea."

Wakacheka wote wawili. Jioni mzee alitazama rafu zake zimenyooka, akapiga makofi. "Unaona? Uzee umeishia magotini. Mikononi haujafika."

Shangazi aliona amefanya jambo jema. Mama yao alipofariki, kaka huyu ndiye aliyemlea, akamfunga nywele kwa vidole vya kiume mpaka akajua kuzigawa. Angemwambiaje mtu kama huyo kwamba hajui tena kukunja shati?

Kisha ikafika alasiri ile. Mzee alikuwa ameshika shati la mtoto wa shule, analigeuza, analigeuza tena.

"Mdogo wangu, niambie kweli. Siku hizi nakosea?"

"Hukosei, kaka. Nani kasema?"

"Hakuna. Mikono yenyewe ndiyo inaniuliza." Akaliweka shati chini. "Maana siku nikijua kichwa kinaniaga, nafunga duka siku hiyohiyo. Napanda treni kwa binti yangu, nimwone ningali namjua."

Binti yake wa pekee aliolewa mbali, na safari ya kwenda kumwona ilikuwa imeahidiwa tangu zamani. Kila ilipokaribia, kazi ilikuwa nyingi.

"Kichwa chako kizima," Shangazi alisema. "Kazi ikipungua tutakwenda wote."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akakubali. Hakuuliza tena. Alikuwa na dada mmoja tu, na tangu utotoni hakuwahi kumkuta na uongo.

Kazi haikupungua, ilizidi. Shangazi sasa alifua ya kwake na kukunja ya kaka yake. Marundo yakapanda nyuma ya pazia mpaka hapakuwa na pa kupita. Nguo za huyu zikalala na za yule. Kinyozi wa mlango wa pili akaja kuchukua mataulo yake.

"Mzee Kola, haya umeyakunja au mlipigana?"

"Tulipigana," mzee akajibu. "Nikashinda."

Kinyozi akacheka, lakini alipopita nyuma ya pazia uso ulikuwa umebadilika. "Shangazi, mficha maradhi..."

"Ishia hapohapo. Nenda kanyoe watu."

"Nanyoa. Ila vichwa ndiyo kazi yangu, na hiki cha kaka yako kina jambo."

 Kesho yake Shangazi akatundika mlangoni kipande cha boksi: HATUPOKEI NGUO MPYA. Alitaka kumaliza rundo tu, apumue. Akalimaliza. Lakini kipande cha boksi kilipotulia mlangoni, akaogopa kukitoa. Mzee alikaa kwenye meza tupu akipitisha viganja juu ya blanketi, akinyoosha kisichokuwepo. Bila shati mkononi, akaanza kusahau majina ya wateja, kisha njia ya bafuni. Siku aliyomwita kinyozi "baba", kinyozi hakuomba ruhusa ya mtu. Aliwachukua wote wawili akawapeleka hospitali.

Daktari alikuwa dada mpole. Aliposikia kazi yao akatabasamu. "Basi mtauelewa ugonjwa huu wa kusahau. Ndani ya ubongo kuna seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila moja hutengeneza protini zake. Protini ikitengenezwa ni kama uzi mrefu. Haifanyi kazi mpaka ikunjwe umbo lake. Zikikunjwa vibaya hunatana, zikawa rundo. Seli ina wasaidizi wa kuzikunja upya, na zilizoharibika kabisa huzitupa. Rundo likiwazidi, seli hufunga mlango: hakuna kazi mpya mpaka kusafisha kuishe. Kwa muda mfupi hilo huiokoa. Mlango ukikaa umefungwa mno, inakosa hata protini za kuishi nazo. Inakufa."

Shangazi alikuwa amelishika pindo la kanga yake. "Hao wanaokunja upya. Wakiwa kazini, mgonjwa anajua?"

"Hajui. Miaka mingi wanafanya kazi kimya, na kwa nje mtu ni mzima. Ndiyo maana wengi wanakuja wamechelewa."

"Tungewahi, ungemponya?"

"Hapana, mama. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu hatuna, na si wewe uliyemletea, usijibebeshe. Ila angejua mwenyewe. Wanaojua mapema hupanga mambo yao. Huenda wanakotaka kwenda."

Daktari akainama kuandika. Shangazi alitazama ukuta.

Alimpigia simu binti siku ileile, naye akaja na treni. Akaingia dukani na vumbi la safari, shali begani, akasema, "Baba."

Mzee aliinuka kwa heshima zote. Akaipokea shali kutoka begani mwake, akaitandaza mezani, akatafuta kola. Shali haina kola. Akatafuta tena, pembe hadi pembe, kisha akaiviringisha akaiweka rafuni.

"Njoo keshokutwa, mama. Itakuwa tayari."

Binti aliziba mdomo kwa kiganja. Mkono wa Shangazi ulikuwa umeshaikamata shali, kwa mazoea, kuipeleka nyuma ya pazia. Akauona mkono wake mwenyewe. Akairudisha rafuni ilivyokuwa, pembe moja ikining'inia.

Mzee alikuwa akimtazama. "Vipi, nimekosea?"

"Ndiyo, kaka," Shangazi alisema. "Unakosea. Ulikuwa unakosea hata siku ile uliponiuliza."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyomsikiliza mteja anayelalamikia bei.

"Basi tutarudia," akasema, na akageuka kumuuliza yule mgeni kama anatoka mbali.