Bahasha Niliyoikalia

Mjukuu wangu ameniambia treni zile za kwanza za Washington zimeondolewa zote relini, zimekuwa vyuma chakavu. Sikusikitika. Nilizisafisha mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa bado na magoti, na najua zilivyokuwa zikinuka.

Zilikuwa treni za umeme. Umeme haukupita juu, ulipita kwenye reli ya tatu, ya pembeni, na siku ya kwanza kazini tuliambiwa ukiigusa hiyo umekwisha. Asubuhi zilipeleka watu wa ofisi mjini Washington, kisha baadhi zikarudi kwenye yadi ya kuegeshea ya Alexandria, nje kidogo ya mji, kungoja jioni. Hapo katikati ndipo tulipoingia sisi na ndoo. Ndani zilikuwa na zulia, kama sebule ya mtu. Sijui ni nani aliyewaza kutandika zulia mahali panapopita viatu vyote vile, na theluji, na chumvi ya barabarani. Kahawa ilikatazwa mle ndani, na kila siku nilisugua kahawa. Chingamu tuliibandua kwa kisu butu, tumepiga magoti.

Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini ndimi niliyekuwa kiongozi wa zamu. Tulikuwa na mama mmoja Mkongo, mgeni kazini, ambaye kwao alikuwa mwalimu. Kila karatasi aliyookota aliisoma kwanza.

"Mwalimu," nilimwambia, "hapa hakuna shule. Mkoba na mwavuli vinaenda kwa msimamizi. Karatasi ni takataka. Okota, tia kwenye mfuko, songa."

"Mama, weye unaogopa karatasi kama nyoka!"

"Naogopa saa. Songa."

Wenzetu walicheka. Yeye naye akacheka, akaacha kusoma.

Wakati huo binti yangu, kitinda mimba, alikuwa Kenya kwa dada yangu. Nilikuwa nimemwombea karatasi za kuja Marekani, na ubalozi ulikuwa umempa siku ya kuhojiwa, wiki tatu mbele. Akikosa siku ile angefikisha miaka ishirini na moja kabla ya kupewa nyingine, na sheria ya wakati huo ingemtoa kwenye foleni ya watoto na kumpeleka ile ya watu wazima, ambayo ni ya miaka na miaka. Kilichobaki ni cheti chake cha kuzaliwa, chenyewe, si nakala. Wakili alikuwa amekihitaji huku. Alinirudishia, nami nikakitia kwenye bahasha ya kaki nikitume siku ile ile nikitoka kazini. Binti yangu alizaliwa nyumbani, jikoni kwa mama yangu. Cheti kile kilitutembeza kwa chifu na kwa wilaya karibu mwaka mzima.

Kwetu, ukisafiri na karatasi ya maana huishiki mkononi, na mkobani huitii, maana mikoba ndiyo inayoibwa. Unaikalia. Mama yangu alikalia hati ya shamba kwenye basi hadi Nairobi, na ilifika. Nami asubuhi ile nilipanda treni Springfield, nilikokaa, nikaiweka bahasha chini yangu, nikaikalia. Joto la behewa likanipiga usingizi. Nikashtuka tumefika Alexandria, mlango uko wazi, nikaruka.

Bahasha niliikumbuka nikibadilisha viatu kwenye chumba cha wafanyakazi.

Sikumwambia mtu, na hapo ndipo nilipokosea. Kiongozi wa zamu kusahau karatasi kitini! Wangenicheka mpaka jioni. Nikajiambia treni itarudi yadi, nitaikuta mimi mwenyewe. Behewa nilikuwa nalijua: karibu na mlango wa nyuma, kiti nilichokalia kilikuwa kimezibwa mpasuko kwa utepe wa kijivu. Nikaingia treni ya kwanza, nikapiga magoti, huku nachungulia dirishani kila chuma cha treni inayoingia kilipolia. Katika treni ya pili behewa lile halikuwamo. Nilipofika ya tatu, mama Mkongo alikuwa anashuka na ndoo yake. Kiti cha utepe nilikiona. Kilikuwa kimepanguswa, kinang'aa.

"Hapa palikuwa na bahasha," nikasema.

"Anvelopu ya kaki? Nilitupa."

"Ulifungua?"

"Mama, si weye njo ulinikataza kusoma?"

Nilimwambia ni cheti cha mtoto. Akatupa ndoo chini, akatangulia kukimbia.

Mifuko yetu ilikuwa ndani ya kontena la taka kando ya uzio, mingi, yote myeusi, yote imefungwa fundo moja. Yeye alipanda juu akaniangushia, mimi nikapasua. Magazeti, vikombe, maganda ya ndizi, magazeti tena. Lori la taka likaja likirudi nyuma, linalia. Msimamizi wetu, mzee wa Tanga, akamwendea dereva, akamsemesha sijui nini, na dereva akazima injini akatungoja. Alitungoja sana, siwezi kumlaumu. Mwisho akapiga honi.

"Bibi, basi," msimamizi akasema. "Mwachie mwenzio afanye kazi yake. Na wewe mama, shuka humo, utavunjika."

Lori likanyanyua kontena na mifuko yote tusiyoifikia.

Jioni nilinunua kadi ya simu nikapiga kwa dada yangu. Binti ndiye aliyepokea, akafurahi, akaniuliza bahasha itamfikia lini, maana gauni la kwendea ubalozini ameshashonesha. Nikamweleza.

"Nani aliitupa, mama?"

"Mimi."

"Tukiomba kingine je?"

"Siku yako itakuwa imepita."

Nikasikia dada yangu nyuma anauliza kuna nini. Binti akaniuliza mimi kama sasa aanze kutafuta kazi huko huko.

Nikamwambia aanze.