Mawe ya Samaki wa Patron

Vita vya ng'ambo, upande wa Kongo, vilikuwa vimejaza watu wa Bukavu katika hoteli yetu ndogo hapa Kamembe, mabomba hayana maji, na Patron, mwenye hoteli, bado anataka akwariamu ya samaki wa baharini pale mapokezi. Mimi, msimamizi wanayemwita Chef, ndiye niliyemfinyangia mawe: saruji ya Bugarama, mchanga, na chumvi ya mawe kwa wingi. Yakishakauka unayaloweka, chumvi inayeyuka, jiwe linabaki na matundu kama la baharini. Nikayatumbukiza kwenye pipa la nyuma, nikidhani maji yake ni ya kupigia deki.

Asubuhi wageni wakatema chai. Nikamfokea Maman Furaha, mpishi wetu, mbele yao wote.

"Chumvi kwenye chai, Maman? Kusanya vitu vyako uende."

"Chef, mimi sikutia chumvi. Kuya uchote mayi ya chai wewe mwenyewe, uonje."

Nikamfuata kwa hasira, Patron na wageni nyuma yetu. Akasimama kando ya pipa lile lile. Nikazamisha jagi, likagonga jiwe.

Patron akaingiza mkono, akatoa moja, akaligeuzageuza.

"Haya si mawe ya samaki wangu?" akauliza.

Wote wakanitazama mimi.