Uso wa Kwanza Kwenye Kambi ya Macho

Wako watu mtaani kwetu ambao kitu cha kwanza walichokiona baada ya miaka ya giza kilikuwa pua ya shangazi yangu. Nasema pua kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyopenda kusema. Ilikuwa pana, imejitandaza usoni bila haraka, na aliwaambia wagonjwa, "Msihangaike kutafuta mbali. Anzeni na pua, hii haiwezi kuwapotea."

Wiki iliyopita tumemzika. Wenzetu wa jumuiya ya sala wameniomba niandike maisha yake, kwa kuwa alinilea tangu mama yangu alipofariki, na kwa kuwa mimi ndiye niliyefika sekondari. Sijui kuandika vizuri. Nitaandika niliyoyaona.

Nyumba yake ilipakana na uwanja ambapo zamani yalifyatuliwa matofali. Kiwanda kilipokufa, kilichobaki ni uwanja mpana wa udongo mwekundu na bomba moja la maji, karibu kabisa na mlango wa shangazi. Kwa ajili ya bomba hilo, kila aliyetaka kupiga kambi katika mji wetu alikuja pale. Walikuja wajenzi wa barabara na makatapila yao. Walikuja vijana wa kanisa wakati wa likizo, wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Timu ya mpira ilijichimbia pale kabla ya mechi kubwa, kocha akapiga marufuku hata wake za wachezaji kuchungulia. Mwaka ule mto ulipovunja kingo, watu wa bondeni walikuja na magodoro yanayochuruzika maji, wakakaa mpaka watoto waliozaliwa mahemani wakaanza kutambaa. Mtaa wetu ulihesabu miaka kwa kambi. Ukimuuliza mtu binti yake kazaliwa lini, anakujibu, "Kambi ya makatapila," na wote mmeelewana.

Kambi zote hizo zilifuliwa nguo na shangazi. Walimwita Mama Kamba, kwa sababu ya kamba zake za kuanikia zilizotoka kwenye kona ya nyumba hadi mlingoti wa goli. Alizifahamu nguo kama watu. "Ovaroli hii imefanya kazi," alikuwa akisema. "Hii nyingine imeshinda kivulini, tazama magoti yake yalivyo mapya."

Kambi ya macho ilikuja mara moja kwa mwaka. Madaktari walifika na lori, wakapanga vitanda ndani ya hema refu, na watu wakaletwa, wengine wakishikwa mkono, wengine juu ya baiskeli. Wengi walikuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaofunga mboni polepole mpaka mtu anabaki kuona vivuli tu. Leo unapasuliwa na kufungwa bandeji, kesho asubuhi unafunguliwa. Asubuhi hiyo wagonjwa walikalishwa kwenye mabenchi, na mbele ya kila mmoja kikawekwa kiti kwa ajili ya ndugu yake, ili jicho likifunguka likutane na mtu wake.

Lakini wako waliokuja peke yao. Shangazi aliliona hilo akiwa anakusanya mashuka. Mama mmoja, mfinyanzi wa vyungu, alikuwa ameelekeza uso kwenye kiti kitupu. Shangazi akatua beseni lake, akaketi. Nesi akabandua bandeji. Yule mama akakodoa, akapepesa, akakodoa tena.

"Wewe ni nani?"

"Mimi nafua hapa," shangazi akasema. "Samahani mama, ndiyo sura iliyopatikana leo."

Yule mama akacheka huku machozi yanamtiririka. Akamshika mashavu yote mawili, akayabonyezabonyeza kama anayekagua udongo.

Basi ikawa hivyo kila mwaka. Asiye na mtu alipewa Mama Kamba. Mimi nilisimama mlangoni mwa hema nikiwa na kikapu cha vibanio, na nasema mbele za Mungu kwamba nimesali katika mikutano mikubwa, nimesikia wahubiri wakubwa, lakini sijapata kuona jambo kama nililoliona mle. Mtu anakaa, ni kama nyumba iliyofungwa. Halafu bandeji inatoka, na unaona kabisa mwenye nyumba anakuja dirishani.

Siyo wote waliofika dirishani. Mwaka mmoja alikuwapo seremala, mzee aliyefiwa na mke, asiye na mtoto. Daktari alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba huenda mshipa wa ndani ya jicho umeshakufa. Shangazi akaketi mbele yake kama kawaida. Bandeji ikatoka. Seremala akatulia, uso kaukaza mbele. Mwishowe akauliza kwa upole, "Mbona hamfungui?"

Shangazi hakusema pole. Alichukua mkono wa yule mzee, akauweka usoni pake.

"Anza na pua," akamwambia.

Vidole vikatembea juu ya pua, vikashuka kidevuni, vikarudi puani, vikakaa.

"Hii," seremala akasema, "ilitakiwa ipigwe randa."

Hakuna aliyejua acheke au alie. Shangazi alifanya vyote viwili. Tangu hapo walikuwa marafiki wa kutukanana. Kila kambi ilipokuja, ya mpira, ya vijana, yoyote ile, seremala alikuja na fimbo yake kukaa karibu na bomba na kumchokoza.

Sasa nije kwenye jicho lake mwenyewe. La kushoto lilikufa utotoni, akicheza na wenzake, kijiti kikamchoma. Alibaki na la kulia. Kwamba nalo linafifia, niligundua kupitia mashuka: yalianza kurudi na madoa. "Sabuni za siku hizi ni maji matupu," akasema. Baadaye akaanza kuanika kwa kupapasa.

Daktari wa kambi alimpima, akamweleza bila kuficha. Ni mtoto wa jicho, na jicho linapasulika. Lakini ni jicho moja tu, na mara chache upasuaji huharibika. Likiharibika, hata vivuli anavyoviona vitaondoka.

"Nitafikiri," shangazi akasema. Akafikiri mpaka kambi ikang'oa mahema. Mwaka uliofuata akafikiri tena. Kufua kukapewa msichana wa jirani, na shangazi akawa wa kukaa kizingitini akisikiliza maji ya bomba yakiingia kwenye beseni la mtu mwingine.

"Shangazi," nikamwambia, "wewe umewaambia watu wangapi wasiogope?"

"Niliwaambia wao. Mimi sikujiambia." Akanigeukia, akatazama pembeni kidogo ya pale niliposimama. "Kivuli chako nakiona, mwanangu. Nikikosa na hicho, nitabaki na nini?"

Nilikwenda kusali, na katika kusali kwangu nadhani nilimlaumu Mungu, anisamehe.

Kambi ya macho iliporudi, seremala alikuja mapema, akaketi kizingitini bila kukaribishwa.

"Mama Kamba, nasikia umekuwa mwoga."

"We hukuogopa?"

"Niliogopa. Na nilichokiogopa ndicho kilichonipata. Nilifunguliwa nikakuta giza lilelile, ila humo gizani kulikuwa na mtu kanishika mkono." Akatikisa kichwa. "Sasa wewe unadhani kuna atakayekubali ukae mle peke yako?"

Shangazi akapapasa fimbo ya mzee, akamsukumia. Halafu akasema, "Unanuka gundi, mzee. Ondoka hapa. Pita kwa daktari umwambie nakuja."

Asubuhi ya kufunguliwa, kile kiti cha mbele yake nilikikalia mimi. Nilikuwa nimesali mpaka maneno yameniishia, nimebaki nikitaja jina la Mungu tu. Seremala alikaa ubavuni kwa shangazi kwenye benchi. Mkono wake aliuweka juu ya goti, kiganja kikitazama juu, kimefunguliwa tayari. Nilipokiona kile kiganja nikaelewa kinangoja nini, na nikashindwa kukitazama tena.

Nesi akabandua. Jicho lilikuwa jekundu, linalengalenga. Halikunitazama.

"Mama," daktari akasema, akiinua vidole, "hivi ni vingapi?"

Kimya.

"Mama Kamba. Unaona vidole vyangu?"

Shangazi alikuwa amekaza jicho kupita juu ya bega langu, kule mlango wa hema ulipokunjwa pembeni kupitisha hewa, na nje kamba zimejaa mashuka meupe yanayopepea juani. Akainua kidole polepole, akaelekeza.

"Nani kafua lile shuka la mwisho kule? Lina doa."

Niligeuka. Ilinibidi nikaze macho, mimi mwenye macho mazima. Chini kabisa, karibu na pindo, lilikuwapo doa dogo la rangi ya chai.

"Lipo kweli, hilo doa?" seremala akauliza.

"Lipo, mzee."

"Asante Mungu kwa doa," akasema. Akakikunja kile kiganja chake, taratibu. Hema likalipuka kwa vigelegele, msichana wa jirani akajificha nyuma ya nesi kwa aibu, na hapo ndipo shangazi aliponitazama mimi.

"Kumbe na wewe umezeeka hivi," akasema, akaanza kulia.

Aliendelea kukalia kiti cha mbele ya wasio na mtu, kambi baada ya kambi, hadi mwaka jana. Amefariki usingizini. Kabla ya jeneza kufungwa, seremala aliomba aongozwe mpaka pale. Vidole vyake vilianza na pua, vikakaa hapo, na hatukumharakisha.

Sisi tunaamini kwamba kufa katika Bwana ni kufunguliwa macho. Nimejaribu kuuwazia Uso alioketishwa mbele yake safari hii, na nimeshindwa. Ila tumefundishwa kwamba mavazi ya kule ni meupe, na kama namjua shangazi yangu, amekwisha kuyakagua yote mpaka pindoni.