Picha ya Ukutani ya Bibi Pumua

Picha zote za shangazi yangu zinaishi kwenye mafaili. Amewapiga picha karibu watu wote wa mtaani kwetu, na sura zao, ukubwa wa kidole gumba, zimebandikwa kwenye fomu za shule, vitambulisho na maombi ya kazi. Halafu faili linafungwa, kabati nalo linafungwa. Ni kazi halali na inatulisha. Ila kila tukipita mahali penye picha kubwa ukutani, hata kama ni ya meneja wa benki aliyenuna, shangazi husimama na kuinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Alitaka moja tu. Moja ya mkono wake, ukutani, watu wapite waitazame.

Studio yake ni nusu ya chumba. Nusu nyingine ni kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mumewe, ambaye mtaa mzima humwita Wembe. Mpango wao una akili: unaingia na nywele zako kama kichaka, Wembe anakunyoa na kukupangusa shingo, unavuka kwenda kwenye stuli mbele ya pazia jeupe, unapigwa picha, unatoka mtu mwingine. Mimi hushinda pale nikitoka shule, na kwa kuwa nina maswali mengi kuliko wateja, Wembe huniita Mpelelezi.

Miaka yote shangazi alitumia kamera moja ndogo ya mfukoni, nyembamba kiasi kwamba tuliipa jina la Kiberiti. Ukiiwasha inatoa pua yake mbele na kuimba kidogo. Ukibonyeza, flashi inakupiga usoni na inasema "kacha" kwa sauti isiyolingana na umbo lake. Mwaka huu akanunua nyingine, kubwa, kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anahama. Hiyo Wembe aliibatiza Bwana Mkubwa, kwa sababu ilikuja na begi lake, lenzi zake na masharti yake.

Niliuliza mpaka shangazi akachoka. Alinieleza kwamba kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo ndani, na kila ukibonyeza kioo kiliruka kupisha mwanga. Hii haina kioo. Mwanga unaingia moja kwa moja, na ukichungulia kwenye tundu lake unaona kitelevisheni kidogo kinachokuonyesha picha kabla hujaipiga. Nilichungulia nikajisikia rubani.

Kisha nikafanya majaribio yangu. Niliweka kitana cha Wembe mezani nikakipiga kwa zote mbili. Kwenye picha ya Kiberiti kila kitu kilionekana sawasawa: kitana, meza, kalenda, ndala za Wembe, kama vimepakuliwa kwenye sahani moja. Bwana Mkubwa alikichagua kitana. Kila jino lake lilisimama peke yake, na nyuma yake dunia ikayeyuka kama sabuni kwenye maji. Nikahamia kwenye kona yenye giza. Kiberiti kikaniletea picha yenye chenga, utadhani imemwagiwa mchanga. Bwana Mkubwa akaona mpaka buibui. Nikatangaza kwamba mashindano yamekwisha.

"Bado," alisema shangazi. "Hujapiga mtu."

Basi siku moja mganga mkuu wa zahanati alikuja kunyoa ndevu. Akiwa na povu kidevuni alituambia kwamba mkunga wao mkubwa anastaafu, na kwamba ukuta wa korido ya wazazi ni mtupu. Wanataka picha yake kubwa itundikwe siku ya kumuaga. Kama shangazi anaweza kuipata kabla ya hapo, vizuri. Kama haiwezekani, watachukua ile ya kitambulisho wakaikuze.

Shangazi aliniangalia, nami nikamwangalia. Ile ya kitambulisho aliipiga yeye kwa Kiberiti. Ndani yake mkunga anaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku asiye wake.

Mkunga huyo ndiye aliyenipokea mimi duniani, na binamu zangu, na nusu ya darasa letu. Tunamwita Bibi Pumua, kwa sababu sauti yake ikitoka wodini ni neno hilo hilo: pumua, mama, pumua, usinibanie. Ni mcheshi wa kupindukia. Ila mwonyeshe kamera, anageuka mlango uliofungwa.

Alikuja studio amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakata. Shangazi akabadilisha lenzi ya Bwana Mkubwa, akaweka ile nene ya kupigia sura, wakati upande wa pili mashine ya Wembe inanguruma kwenye kichwa cha mteja. Bibi Pumua akakaa, akavuta pumzi, akaikamata. Shangazi akapiga. Bwana Mkubwa alikuwa amewekwa kimya, hatoi hata mkwaruzo. Akapiga tena, na tena. Bibi Pumua alibaki na pumzi yake kifuani, mishipa ya shingo imesimama, mpaka akauliza kwa kona ya mdomo kama tumeanza.

Tulienda kuichapa kubwa kwa majaribio. Karatasi ilipotoka, shangazi aliinyanyua kwenye mwanga. Uso ulikuwa ule ule wa mlango, sasa ukiwa mkubwa kama dirisha. Na juu ya mdomo, ukiwa umejikunja vizuri kabisa, palikuwa na sharubu.

Nilipeleleza. Picha zote za siku ile zilikuwa na sharubu mahali pale pale, hata moja ya pazia tupu. Kumbe shangazi alipofungua Bwana Mkubwa kubadilisha lenzi, unywele wa mteja wa Wembe uliruka, ukaingia ndani na kulala juu ya kile kipande kinachopokea mwanga. Kiberiti hakifunguki, kwa hiyo kilikaa miaka yote kwenye chumba cha kinyozi bila kumeza unywele hata mmoja.

Wembe aliitazama ile karatasi. "Nimenyoa ndevu za mtaa mzima," alisema, "na hizi zimenipita."

Shangazi hakucheka. Alikaa kwenye stuli ya wateja, mgongo kwa pazia, akasema labda yeye ni wa vidole gumba tu, wakaikuze hiyo ya kitambulisho yaishe. Wembe akaacha utani papo hapo, akazima mashine ingawa kichwa cha mteja kilikuwa nusu. Alimwambia mkewe kwamba unywele ni wake yeye, na ataupeperusha mwenyewe akiambiwa pa kupuliza. Shangazi akamrukia kabla hajatoa pumzi, kwa sababu kwa mdomo angeongeza mate juu ya unywele. Akachukua kipulizio cha mpira, akautoa taratibu. Tangu siku hiyo Bwana Mkubwa hafunguliwi humo ndani, hata uombe kwa magoti.

Sharubu zikaisha. Uso wa mlango ukabaki.

Jibu lilikuja na mteja wa kawaida, fundi bomba aliyetaka picha ya leseni. Shangazi alimpiga kwa Kiberiti. Jamaa akakaa, akakauka, akashika pumzi. Kacha. Mabega yakashuka, akapumua, na uso wake ukarudi nyumbani, akaanza kusimulia habari za mwanawe. Shangazi alibaki ameshika Kiberiti hewani.

"Umeona?" aliniuliza. "Wote wanasubiri mlio. Wakiusikia tu, wanafufuka."

Nikaona. Bwana Mkubwa hana mlio, kwa hiyo Bibi Pumua hakuambiwa kwamba amemaliza, akabaki amekufa mpaka mwisho. Na Kiberiti kina mlio, ila kinapiga kabla mtu hajafufuka.

Siku iliyofuata tuliwafuata wote wawili zahanati: Bibi Pumua kwenye kazi yake, mwanga kwenye dirisha lake. Mwisho wa korido kuna benchi ambalo asubuhi hupata mwanga laini. Shangazi alimsimamisha Bwana Mkubwa kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi imeshafungwa tangu nyumbani, akamwelekeza kwenye benchi, rimoti akaitia mfukoni. Kisha akamgeuzia Bwana Mkubwa mgongo kama mtu asiye na habari naye, akatoa Kiberiti.

"Shikamoo mama. Leo nataka moja tu, ya haka kadogo."

"Marahaba. Moja tu kweli? Nina mtu chumba cha pili."

Bibi Pumua akakaa na vitambaa vya watoto mapajani. Akavuta pumzi, akaikamata, akawa mlango. Shangazi akainua Kiberiti. Flashi, kacha. Akakishusha, akamwambia asante, imetoka.

Pumzi ikatoka. Kofia ikasogea kidogo. "Haya, nimemaliza kufa," alisema Bibi Pumua, akitukodolea macho. "Sasa naweza kwenda kuzalisha?" Na hapo hapo, nyuma ya mlango wa chumba cha pili, kitoto kikalia bila kumsubiri. Alicheka. Alicheka kwa macho, kwa mashavu, kwa pengo lake la pembeni, uso umegeukia ile sauti, mikono imekumbatia vitambaa. Mkono wa shangazi ulikuwa mfukoni, kwenye rimoti. Bwana Mkubwa hakukohoa.

Alipomaliza kazi chumba cha pili, shangazi alimwonyesha. Alieleza ujanja wote, akamwambia kama haitaki, anaifuta sasa hivi mbele yake. Bibi Pumua aliisogeza kamera karibu na macho, akaisogeza tena.

"Kumbe mimi ndiye huyu," alisema taratibu. "Mbona hukuniambia unapiga?"

"Ningekwambia, mama, ungekufa tena."

Alimfinya shangazi shavu kama mtoto, akasema itundikwe, na pengo libaki.

Siku ya kumuaga, kitambaa kilichofunika picha kilipovutwa, wauguzi wakaanza kupiga vigelegele na makofi kiasi cha kuamsha wodi nzima. Mganga mkuu alisema anaomba wafanyakazi wote wapigwe hivyo, ukuta mzima ujae. Wembe alitembea kwa kila mgeni akieleza kwamba aliyepiga ni mke wake, na kwamba unywele ulikuwa wa kwake, maelezo ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mama mmoja mwenye tumbo kubwa, akishika ukuta, alisimama chini ya ile picha, akaitazama, na nikamwona akivuta pumzi na kuiachia.

Wenzangu shuleni wakiniuliza kamera ipi bora, siwajibu haraka tena. Nawauliza kwanza nani anapigwa.

Watu walipopungua nilimsimamisha shangazi pembeni ya ukuta wake. Nilikuwa na Kiberiti mkononi na Bwana Mkubwa shingoni. Yeye, anayejua ujanja wote, aliyeuvumbua, akakauka. Mabega juu, kidevu mbele, kama anapigwa picha ya pasipoti.

"Shangazi," nilimwambia, "pumua."

Nikabonyeza Kiberiti. Kacha. Akapumua, akageuka kumtazama Bibi Pumua juu ukutani, na nikamwacha acheke kadiri apendavyo, kidole changu kikiwa kwenye kitufe cha Bwana Mkubwa.