Kikombe cha Wageni

Nyumbani kwetu hapa Matiliku kuna vikombe vya aina mbili. Kuna vya bati, vilivyobanduka rangi, ambavyo watu wa nyumba hunywea chai kila siku. Halafu kuna vyeupe vyenye maua mekundu na visahani vyake, ambavyo hukaa kwenye kabati la vioo na kutolewa pasta akija. Mimi ndiye mwenye nyumba hii, na kwa miaka sita nililetewa chai kwenye kikombe cha maua.

Sisemi hivi kwa kujisifu. Kikombe kile kilinichosha kuliko matusi.

Kosa ni langu, na nitalisema lote mara moja. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza ufundi wa mabati, nikaoa, tukapata binti na mvulana. Kisha nikaenda Mtito Andei kufanya kazi kwenye gereji moja kando ya barabara ya Mombasa, kuziba matangi ya malori. Niliaga nikisema nitakaa mwaka mmoja. Nilikaa kumi na tisa. Hakuna aliyenifunga kamba. Kulikuwa na mwanamke mwenye hoteli, nikahamia kwake, na sitamlaumu kwa lolote, maana nilimwambia sina mke. Kutoka pale mtu anaweza kuondoka asubuhi na kula chakula cha mchana nyumbani kwetu. Nilijiambia hivyo kila mwezi. Mama yangu alizikwa mimi nikiwa chini ya lori. Binti yangu alipoolewa nilienda, na kijana aliyekuwa akiwapanga wageni akaniuliza mimi ni wa upande gani.

Niliporudi, mke wangu hakunifukuza. Alifungua mlango, akasema, "Karibu, mzee," akanionyesha kiti. Kanisani nilisimama mbele nikatubu, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo hakuna aliyenigombeza tena.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Nikishika jembe, napokonywa kwa upole. "Mzee, pumzika." Nikiuliza kama kunde zimepaliliwa, najibiwa, "Mambo ni sawa, mzee." Nikiuliza mbuzi mweusi amezaa wangapi, "Usijisumbue na hayo, mzee." Mke wangu alikuwa akimfokea kijana wetu, akiwafokea kuku, akimfokea mbwa kwa kulala mlangoni. Mimi ningelala mlangoni angenitandikia blanketi. Nilikuwa nikimwonea mbwa wivu.

Mwaka huu mvua ya kwanza iling'oa gata, ule mfereji wa bati unaopeleka maji ya paani kwenye tangi. Ukambani, kutazama maji ya mvua yakimwagika chini huku tangi likiwa tupu ni kama kutazama mtu akichoma chakula. Nikasema, "Hiyo kazi ni yangu."

"Hapana, mzee. Utaumia. Fundi amesema anakuja."

Kwa wiki tatu fundi alisema anakuja. Mvua ikanyesha mara nne zaidi. Mimi niliyeziba matangi ya nusu ya malori ya barabara ile nilikaa kwenye kiti nikishika kikombe cha maua na kutazama maji yakichimba shimo kando ya tangi. Nikampigia binti yangu, ambaye ni mwalimu huko Kitui.

"Baba, tafadhali usipande ngazi," akasema. "Unataka Mama aanze kuuguza mtu tena?"

"Tena? Aliniuguza lini?"

"Nasema Nyanya, si wewe," akasema. "Kunywa chai, Baba. Pumzika."

Siku ya soko nilipeleka viatu vyangu kwa fundi wa viatu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, mguu mmoja mtupu, redio yake ikisema mambo yake, mara ukaanza wimbo. Ulikuwa wimbo wa sinema ya Kihindi. Nilishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Midomo yangu ilikuwa tayari inaufuata, neno kwa neno, ingawa hadi leo sijui maana ya neno hata moja.

"Mzee, wewe ni Mhindi?" fundi akaniuliza, nyundo juu.

"Kata hata kiatu ukitaka, lakini usizime redio," nikamwambia.

Wimbo ule niliupata Mbumbuni, tulikokuwa tukikaa wakati huo, nikiwa darasa la nne. Gari la sinema lilikuja sokoni, likatundika shuka kwenye ukuta wa ghala la pamba. Walianza na tangazo la sabuni, wakafuata na picha ya kuchimba choo, na tulipokaribia kukata tamaa ndipo sinema yenyewe ikaanza. Mwanamume alikuwa juu ya mkokoteni wa nyasi, akiimba, na mwanamke akitembea nyuma akimjibu. Katikati ya wimbo mkanda ukakatika. Watu wazima wakapiga kelele. Mwenye mtambo akaunga mkanda, akarudisha nyuma, ukaimba tena, ukakatika palepale. Mara ya tatu ndipo ulipopita. Soko zima lilikuwa limekasirika, isipokuwa mimi. Kufikia hapo nilikuwa nimeushika wote.

Kesho yake kila mtu alitaka wimbo na hakuna aliyekuwa nao. Mimi nilikuwa nao. Wanafunzi wakubwa walinisubiri njiani. Wasichana waliokuwa wakichota maji kwenye mchanga wa mto walinizuia nisipite hadi niwafundishe, na mmoja wao, aliyenirushia maji kwa sababu nilikataa kurudia, ndiye mke wangu. Muhula mzima nilikuwa mtu wa kutafutwa. Hakuna aliyenihurumia, hakuna aliyenistahi. Walinitafuta kwa kuwa nilikuwa na kitu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiuimba njia nzima. Nilikuwa nimezoea kujihesabu kuanzia kwenye kosa, kana kwamba nilizaliwa pale gerejini. Kumbe kabla ya yule mtu wa Mtito Andei kulikuwa na mtu mwingine, na alikuwa bado yumo ndani, na wimbo wake mzima. Mtu huyo hakuona sababu ya kuomba ruhusa.

Nikachukua ngazi kutoka nyuma ya zizi. Nikatoa koleo langu la zamani, nikapanda, nikaanza kunyoosha gata huku nikiimba kwa sauti yangu yote, ambayo si nzuri.

Mke wangu alitoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Nani amekupa ngazi?"

"Nimejipa."

Nikaendelea kuimba. Alisimama pale chini, nami nikangoja kuambiwa nipumzike. Badala yake akasema, "Si hivyo."

"Nini si hivyo?"

"Hapo hupandi. Unashuka, halafu unangoja mwanamke ajibu. Unaimba sehemu yako, unaimba na yangu!"

"Mimi ndiye niliyewafundisha wimbo huu."

"Ulitufundisha vibaya! Hata ukiwa mtoto ulikuwa hungoji mtu!" Na sauti yake ikapanda, ikapita wimbo, ikapita paa. "Wewe mwanaume! Hiyo gata nimeifunga kwa kamba mara ngapi, unajua? Nimepanda ngazi hiyohiyo na mtoto mgongoni! Mama yako akiuliza uko wapi, nani alikuwa anadanganya kwamba umetuma salamu? Mimi! Hadi siku aliyofariki, mimi! Halafu unarudi unaketi, unanitazama na hayo macho ya mgonjwa, nikuseme vipi? Nani anamsema mgonjwa?"

Alisema mengi, na mengine hayafai kuandikwa. Majirani walitoka. Nilikuwa nimeshika gata kwa mikono miwili, na kila aliposhusha pumzi nilisema, "Ni kweli." Ilikuwa kweli. Na lazima nikiri kwamba pale juu, huku nikisemwa kama mbwa wa mlangoni, nilihisi magoti yangu yakipata nguvu.

Mwishowe akajifuta unga usoni, akapaka mwingine zaidi.

"Imepinda upande wa kushoto," akasema. "Huoni? Na ushuke polepole, sina mgongo wa kubeba mtu."

Ilikuwa imepinda kweli. Nikaivua, nikaanza upya.

Nilipomaliza aliniletea chai. Aliitua kwenye kiti bila kisahani, kwenye kikombe cha bati chenye mkono ulioachia upande mmoja. Iliniunguza vidole. Nikaonja.

"Haina sukari," nikasema.

"Sukari iko jikoni. Una miguu."

Nikainuka, nikaenda. Nilifungua makopo manne kabla ya kuipata. Miaka sita nyumbani kwangu, na sikuwa najua sukari inakaa wapi.