Salamu za Mama kwa Rais

Mama alikataa katakata nimwandikie swali kwenye karatasi. "Mimi si mtoto wa shule," alisema. Siku hiyo Rais alikuwa anapita Runzewe akitokea mpakani, kwenye mazungumzo na mwenzake wa nchi jirani, na kila mtu alijua angesimama kusalimia wananchi. Wengine walitaka maji, wengine umeme. Mama alimtaka kaka yangu.

Kaka alikuwa mchimbaji Rwamgasa. Duara lao, shimo walilokuwa wakichimba, lilipoacha kutoa dhahabu, alivuka mpaka na wenzake kwenda kubahatisha ng'ambo. Wenzake walirudi. Yeye, walisema, alikamatwa kwa kukosa kibali, na tangu hapo hatukujua yuko gereza gani, wala kama yu hai. Kila ofisi niliyokwenda niliambiwa nisubiri kwanza, uhusiano na jirani si mzuri. Sasa redio ilisema umetengemaa. Nikafunga kibanda changu cha vitenge pale Nyasubi, nikaja kumshika Mama mkono.

Msafara ulisimama jioni. Rais alijitokeza juu ya gari, akataja vipaumbele vyake: maji, barabara, maeneo ya wachimbaji wadogo, biashara ya mipakani. "Sisi na jirani zetu ni ndugu," alisema, tukashangilia mpaka koo zikakauka. Mimi nilishangilia kuliko wote. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kisha akaagiza kipaza sauti apewe yule mama mwenye kilemba cha bluu. Mama yangu!

"Mwadila, mtemi wetu," Mama alianza, akapiga goti.

Rais alicheka kwa furaha, akaitikia vivyo hivyo kwa Kisukuma, na vigelegele vikalipuka.

"Mmesafiri salama?" Mama akauliza.

"Salama kabisa, mama."

"Wa nyumbani kwako hawajambo? Na wajukuu?"

"Hawajambo wote, asante sana."

"Na hao jirani zetu, mmewaacha wazima?"

"Wazima kabisa. Wanawasalimu."

Hapo Mama akanyamaza. Alimkazia Rais macho, kipaza sauti kidevuni. Nilimfinya mkono. "Sema, Mama! Sema sasa!" Hakusema.

"Mnaona?" Rais akawaambia watu. "Wote wananiletea kero, huyu mama amekuja kunijulia hali tu! Mungu akubariki, mama yangu."

Watu walipiga makofi, na kwa kweli Rais hakuwa na ubaya wowote. Kipaza sauti akapewa mzee mmoja aliyelalamikia kisima kibovu. Baadaye kidogo magari yakaondoka, yakatuachia vumbi.

Nililia kwa hasira pale pale barabarani. Nilimkasirikia Rais, niliwakasirikia waliopiga makofi, lakini zaidi nilimkasirikia Mama, na sikumficha.

"Kwa nini hukumtaja, Mama? Umewauliza mpaka wajukuu wa watu, mwanao ukamwacha!"

Mama alikuwa anakung'uta vumbi kwenye khanga, polepole, bila kuniangalia.

"Sisi hatuanzi na shida, mwanangu. Unamjulia mtu hali ya watoto wake, naye anakuuliza wa kwako, ndipo unamwambia," alisema. "Nilikuwa namngoja aniulize kama wanangu hawajambo."